Shibiri ya Mwanalima

Sehemu ya Kumi na Moja

Mkono wa Mwanalima ulikuwa bado ndani ya furushi la wifi yake pazia la mlango lilipovutwa. Hapo ndipo tulipomwacha Jumapili iliyopita, na hakupata hata nafasi ya kuutoa.

Mkononi alishika daftari la jalada jeusi. Ndani yake mlikuwa na michoro na vipimo vya magauni yote ya timu ya tenisi ya wanawake ya Kismayo, tangu mwaka 1984 hadi vita vilipofika mjini. Michoro ilikuwa yake. Magauni aliyabuni yeye. Kwa miezi minne, tangu wenye bunduki walipolichoma duka lake, aliamini daftari limekwenda na moto.

Halikwenda. Lilikuwa hapa kisiwani Koyama, limefungwa kwa leso ya Lubna, mke wa kaka yake.

"Umekipata unachokitafuta, wifi?" Lubna aliuliza kutoka mlangoni.

"Nimepata nisichokitafuta."

"Basi kirudishe. Chai inapoa."

Mwanalima hakurudisha kitu. "Miezi minne unanitazama nikililia duka, na hili umelilalia."

"Ulililia cherehani ilipoingia maji ya chumvi. Daftari sijakusikia ukilitaja."

"Umeniibia, Lubna."

"Sikumwibia mtu. Siku ile wewe ulibeba cherehani ukatokea mlango wa nyuma. Mimi nilirudi ndani, rafu zimeshashika moto. Tazama ncha za kurasa."

Mwanalima alitazama. Ncha zilikuwa zimeungua, na mbili kati ya kurasa zilikuwa na alama ya dole gumba lenye masizi. Dole dogo. Ushahidi ulikuwa kamili, na Mwanalima aliuchukia.

"Mbona hukunipa?"

"Ningekupa, ungenifundisha?"

Wote wawili walilijua jibu.

Kwa miaka saba Lubna alikaa mbele ya duka. Alipokea wachezaji, alibandika pini, alicheka nao, aliwashikia kioo. Mwanalima alikaa nyuma ya pazia na mkasi. Wachezaji walitoka wakimshukuru Lubna. Walimwachia Lubna halua. Binti mmoja alizaliwa akaitwa Lubna. Mwanalima alizihesabu shukrani hizo moja moja kutoka nyuma ya pazia, na hakusahau hata moja.

Kabla hajasema neno, Layla aliingia uani akiwa na barua.

Layla alikuwa kapteni wa timu. Katika wanawake kumi na mmoja wa Kismayo, wanne tu walifika Koyama: yeye, Rukia, Zaituni na Ummi. Barua ilitoka klabu moja ya Mombasa, ikapitia mikono ya wavuvi watatu. Layla aliisoma bila mapambo. Wanaalikwa mashindanoni wachezaji wanne na mshonaji wa timu. Jina la mshonaji halikuandikwa.

"Nahodha Hamidi anaondoka Jumamosi maji yakijaa," alisema Layla. "Mashua yake ni ndogo, inabeba abiria watano. Mafuta ni ya safari moja. Ya pili hakuna, na waliokuja juzi kisiwa cha jirani, Kudhaa, na bunduki watakuja na hapa. Kwa hiyo Lubna, jiandae."

Lubna hakusogea. Hakusema ndiyo, hakusema siyo.

"Lubna alikuwa akibandika pini," alisema Mwanalima.

"Abaayo, dada yangu, mimi Lubna nimemwona kila mwezi kwa miaka saba. Wewe nimekuona mara ngapi?"

Mwanalima alifikiri. Hakuwa mtu wa kusema uongo katika hesabu. "Mara mbili."

"Sasa mimi nitajuaje?"

"Daftari hili lina mwandiko wangu."

"Lilikuwa kwenye furushi la nani?"

Bimkubwa, mwenye nyumba iliyowahifadhi, alikuwa akichambua mchele uliojaa wadudu. Aliongea bila kuinua kichwa. "Wana wa watu mnapoteza siku. Tanga la marehemu mume wangu liko darini, limefuliwa mpaka limelainika. Kila mmoja na akate gauni moja. Avae mtu mmoja. Aliyeshona, ataonekana."

Layla alikubali. Mvaaji angekuwa Rukia, aliyekuwa mrefu kuliko wote na mwenye mpigo mkali kuliko wote.

"Daftari nimpe nani?" Layla aliuliza.

"Mpe yeye," alisema Mwanalima. "Mimi silihitaji."

Hapa inafaa kulieleza gauni lenyewe. Lilikuwa jeupe, likapita goti, na chini yake kulikuwa na suruali nyembamba, ili mwanamke wa Kismayo aweze kukimbia uwanja mzima bila mtu kuwa na la kusema. Siri yake ilikuwa chini ya mkono. Mwanalima alitia pale kikwapa, kipande kidogo cha pembe nne kama kile cha kwenye kanzu, lakini alikikata mshazari, kama baba yake Abdulkadiri alivyokata pembe za matanga. Mwanamke akiinua mkono kuanzisha mpira, kitambaa kilifunguka, mwili haukufunguka.

Jumatano asubuhi Rukia alisimama katikati ya ua, mikono ameitandaza. Muda mfupi kabla alikuwa ameegemea bega la Lubna, wananong'onezana jambo wanacheka.

"Bi Mwanalima, hunipimi?"

"Kipimo chako ninacho kichwani tangu mwaka themanini na sita."

"Mashallah. Mume wangu hakumbuki hata mwaka alionioa."

Lubna alicheka. Mwanalima alikwenda upande wa pili wa ua na kipande chake cha tanga. Asingemgusa mtu aliyetoka kuegemea bega lile. Zingatieni hilo, kwa sababu lina gharama yake.

Alianza kukata. Baada ya muda aliinua macho, akaona kitu kilichomfanya aweke mkasi chini.

Lubna alikuwa amefungua daftari kwenye ukurasa wa Rukia na kuutandaza mkono wake juu ya kitambaa, dole gumba huku, kidole cha mwisho kule. Alihesabu kwa sauti. "Moja. Mbili. Tatu. Nne."

Alikuwa anapima kifua kwa shibiri.

Daftari ndivyo lilivyosema: kifua shibiri nne, urefu shibiri tano, kikwapa vidole vinne. Lakini Mwanalima alifundishwa na baba yake, na fundi wa matanga hupima kwa mkono wake mwenyewe, hampimii mwingine. Shibiri zile zilikuwa za Mwanalima. Mkono wake ulikuwa mkubwa kama wa baba yake. Dukani Lubna alitumia utepe wa kupimia, Mwanalima akivigeuza vipimo kuwa shibiri zake, na utepe uliungua. Sasa alitumia mkono wake, na mkono wake ulikuwa mdogo. Kwa kila shibiri ulipungua kidole kimoja. Shibiri nne, vidole vinne. Gauni lile lisingempita Rukia kifuani.

Neno moja lingetosha. Mwanalima aliuchukua mkasi wake akaendelea kukata. Kwa mara ya kwanza tangu Kismayo, alijikuta anaimba kwa sauti ya chini.

"Wifi ana furaha," alisema Lubna.

"Kazi nzuri hufurahisha."

Alhamisi asubuhi wanaume waliombwa waende pwani. Kulibaki raketi moja, nyuzi zake mbili zimekatika, na mipira mitatu iliyopoteza manyoya. Ukuta wa matumbawe wa Bimkubwa ukawa ndio upande wa pili wa uwanja.

Rukia alivaa kwanza la Mwanalima. Ushonaji haukuwa na dosari. Bimkubwa mwenyewe alipitisha kidole kwenye mshono akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Kisha Rukia akashusha pumzi, na shingo ya gauni ikateleza begani.

Aliipandisha. Akainua mkono. Kikwapa hakikuwa kwapani, kilikuwa kwenye mbavu. Mkono ulipopanda, gauni lote lilipanda nao. Mpira ulikwenda kwa kuku.

"Humu tunaingia Rukia wawili," alisema Rukia, "na wa pili aje na chakula chake."

Ummi alicheka mpaka akakaa chini. Layla hakucheka. "Vaa la pili."

Mwanalima alisubiri kitambaa kikwame kifuani. Hakikukwama. Gauni la Lubna lilishuka mwilini mwa Rukia kama maji. Urefu ulipanda vidole vitano, lakini suruali ilifunika, na Rukia alikimbia kwa wepesi zaidi. Aliinua mkono. Kikwapa kilifunguka pale pale kinapotakiwa. Mpira ulipiga ukuta kwa kishindo, kipande cha chokaa kikaanguka.

Akapiga mara kumi. Mara kumi gauni lilitulia.

Sasa Mwanalima alimtazama Rukia vizuri, jambo ambalo alipaswa kulifanya siku iliyopita. Aliona mitulinga. Aliona viwiko. Rukia alitoka Kismayo kwa miguu, aliugua homa njiani, na kwa miezi minne alikula alichokipata. Rukia wa mwaka 1986 hakuwepo tena. Vita vilimpunguza, na vilimpunguza kwa vidole vinne, sawasawa na upungufu wa mkono wa Lubna.

Angesema nini? Kwamba mwenzake amekosea, na kosa lake limekaa vizuri kuliko usahihi wake yeye?

"Imekwisha," alisema Layla. "Fundi ni Lubna."

Mwanalima aliingia ndani akakaa karibu na cherehani yake. Aliitazama mikono yake mikubwa. Nje walikuwa wanamkumbatia Lubna, na kila kicheko alikifahamu ni cha nani.

Lubna alikuja mchana, peke yake.

"Wifi. Lile la Rukia sijui nimelipataje."

"Mimi najua."

"Niambie."

"Hapana."

Lubna aliketi mkekani. "Nimejaribu la Layla. Daftari linasema hivi, mwili wake unasema vingine. Nikikata vibaya hakuna kitambaa. Nikatie haya matatu yaliyobaki."

"Nikukatie ili upande mashua."

"Unikatie ili wao wavae."

Mwanalima alimtazama. Binti huyu alikuwa na daftari lake, na jina lake, na nafasi yake katika mashua ya Hamidi. Kilichobaki alikuwa anakuja kukiomba kwa adabu.

"Lete kitambaa," alisema.

Alikubali haraka mno. Lubna angekuwa mwangalifu zaidi, angeshuku.

Safari hii Mwanalima alipima. Alimpima Layla, akampima Zaituni, akampima Ummi, mwili kwa mwili, kwa shibiri yake mwenyewe, na hakukosea hata robo kidole. Gauni lake kubwa lilifumuliwa na kukatwa upya, kwa sababu bila hilo tanga lisingetosha magauni matatu. Kufikia Ijumaa baada ya sala hakukubaki hata ukanda.

Vikwapa alivikata mwisho.

Kikwapa cha Layla kilitaka vidole vinne. Mwanalima aliweka vidole vinne juu ya kitambaa, akavitazama. Kisha akaondoa kimoja, akakata.

Akafanya hivyo hivyo kwa Zaituni. Akafanya hivyo hivyo kwa Ummi.

Hakuwa amepitiwa. Alihesabu. Gauni lingekaa vizuri mtu akisimama, akitembea, akiketi. Layla alilijaribu Ijumaa hiyo kwa mpigo mmoja wa chini na akalisifu. Lakini mkono ukipanda juu ya sikio, uzi wa kwapani ungeanza kubeba mzigo usiokuwa wake. Ungevumilia kidogo. Kisha ungeachia, Mombasa, mbele ya watu, na watu wangeuliza fundi ni nani, na wangeambiwa ni Lubna.

Vipande alivyovipunguza alivitia jikoni kwa Bimkubwa. Viliwaka upesi.

Jumamosi, saa nne asubuhi, maji yalikuwa yanapanda. Mwanalima alikuwa anaosha vikombe, kwa kuwa hakutaka kuonekana akiangalia watu wanaondoka. Layla na Lubna waliingia pamoja.

"Nimemwambia," alisema Lubna.

"Umemwambia nini?"

"Kwamba la Rukia nilibahatisha. Kwamba haya matatu umekata wewe. Kwamba hata yale ya Kismayo ulikuwa unakata wewe, mimi nabandika pini."

Kikombe kilibaki mkononi mwa Mwanalima.

"Kwa nini?"

"Mwezi ujao watataka mengine. Nitabahatisha mara ngapi?" Lubna aliweka daftari juu ya mkeka. "Na Shuaibu ameahidi kurudi hapa. Akija amkute nani, kuku?"

Shuaibu ni kaka yake Mwanalima. Alirudi Kismayo mwezi wa sita kutafuta ndugu waliosalia, na hajaonekana tena. Katika wiki zote hizo Mwanalima alikuwa amefikiria daftari zaidi ya alivyomfikiria kaka yake. Alilijua hilo sasa, na halikumpendeza.

"Nilikosea, Bi Mwanalima," alisema Layla. "Fundi ni wewe. Sikukuona, na kosa ni langu. Chukua buibui lako twende."

Kwa miaka saba alilingoja neno hilo. Fundi ni wewe. Lilikuja limenyooka, mbele ya mashahidi, na lilimkuta na magauni matatu mabovu aliyoyaharibu kwa mkono wake.

"Kuna kitambaa kilichobaki?" aliuliza.

"Cha nini?" alisema Layla.

"Kidogo tu. Kuna mahali nataka kuongeza."

"Hata cha kufutia kamasi hakuna," alijibu Bimkubwa kutoka mlangoni. "Mmenimalizia tanga lote."

Ilikuwa nafasi ya kusema. Mwanalima alifungua kinywa. Lubna alikuwa anamtazama, Layla anamtazama, na katika macho ya Layla kulikuwa na heshima ambayo mpaka jana ilikuwa ya mwingine.

Alifunga kinywa, akachukua buibui.

Pwani Hamidi alikuwa na amri moja. "Hakuna mizigo. Kila furushi ni maji yanayoingia. Nguo za mchezo mtazivaa mwilini." Daftari aliliruhusu, kwa kuwa ni jepesi. Cherehani aliikataa.

"Niachie mimi," alisema Lubna. "Nitaipaka mafuta."

Mwanalima hakuweza kumtazama. "Usiruhusu maji ya chumvi," alisema.

"Hilo nalijua, wifi. Nilikuwa nasikiliza, hata nikicheka."

Walipanda. Wachezaji wanne walivaa magauni meupe, mabuibui yamekunjwa magotini yasilowane. Hamidi hakuwasha injini, aliyatunza mafuta mpaka wapite mwamba. Alisukuma kwa pondo, mti mrefu unaofika chini ya maji, polepole, na mashua ikateleza kwenye maji yanayofika kiunoni.

Ufukweni Lubna alisimama na cherehani mikononi kama mtu aliyebeba mtoto.

"Mombasa nitaanza kucheza mimi," Layla alimwambia Mwanalima. "Nataka watu waone kazi yako kabla hawajaona kitu kingine."

Mwanalima alisema vema.

Kisha Layla akamgeukia Lubna, akainua mkono kumuaga. Aliuinua kwa nguvu, juu kabisa, kama mchezaji anavyoinua.

Pondo lilikuwa nje ya maji. Mashua ilikuwa kimya. Kila mtu alisikia uzi ukikatika.

Layla alishusha mkono, akatia vidole kwapani, akapapasa mshono. Akauinua tena, safari hii taratibu, akisikiliza. Uzi wa pili ukakatika. Alikuwa kapteni kwa miaka saba, na alijua tofauti ya ajali na jambo lililopangwa.

"Zaituni," alisema, "inua mkono."

Zaituni aliinua. Ulisikika mlio ule ule, mahali pale pale.

Layla hakupaza sauti. Aliugeuza mwili wake ukamwelekea Mwanalima, akalifunua kwapa.

"Bi Mwanalima. Daftari linasema vidole vinne. Weka vidole vyako hapa, tuhesabu pamoja."

Mwanalima hakuinua mkono wake kutoka magotini.

Layla aligeuka nyuma. Ufukwe ulikuwa bado karibu, na Lubna hajaondoka.

"Nahodha," alisema, "simamisha mashua."